Feni ya Gari Yako Ina Mabosi Wawili

Wasee, leo tuongee kuhusu feni. Si ile ya dari kwa kinyozi. Naongea kuhusu feni ya gari, ile imejificha nyuma ya rejeta, ambayo watu wengi hawajui hata iko mpaka siku gari inachemsha kwa jam ya Mombasa Road na mvuke unatoka kwa bonneti kama sufuria ya githeri.

Kuna swali ambalo karibu kila mtu aliyenunua gari ya kwanza huuliza: "Mbona nikiwasha AC feni inaanza kuzunguka hapo hapo, na injini bado ni baridi? Imeharibika?" Na kuna jibu ambalo mafundi wengine hutoa haraka sana: "Hiyo ni shida ya waya, boss. Wacha niiweke dairekti."

Gari haijaharibika. Feni inafanya kile iliambiwa ifanye, na iliambiwa kwa sababu nzuri. Shida ni kwamba hakuna mtu ametusimulia hiyo sababu, kwa hivyo tunalipa pesa kutengenezewa kitu kizima, na baadaye tunalipa pesa nyingi zaidi kwa injini iliyokufa kweli. Sasa wacha nikupeleke nyuma kidogo, miaka zaidi ya mia moja na thelathini, halafu turudi Nairobi. Ukishajua hii hadithi, hakuna mtu atakudanganya kuhusu feni tena.

Mwanzo: maji yachemke tu

Injini inachoma mafuta, na sehemu kubwa ya ule moto haisukumi gari. Inageuka joto ambalo lazima litolewe, la sivyo vyuma vinapinda. Gari za kwanza zilikuwa na njia rahisi sana: weka maji kando ya injini, yachemke, mvuke uende, ongeza mengine.

Ndivyo ilivyokuwa gari ya Karl Benz, ile ya 1886 huko Ujerumani. Agosti 1888 mke wake, Bertha Benz, aliichukua bila kumwambia mzee, akabeba watoto wao wawili wavulana, akaendesha kutoka Mannheim hadi Pforzheim, kilomita 100 na kitu. Ilikuwa safari ya kwanza ndefu ya gari duniani. Njiani alikuwa anasimama kila mara kutafuta maji, kwa sababu injini ilikuwa inayanywa kama ng'ombe wa Kajiado wakati wa kiangazi. Hakukuwa na rejeta ya maana wala feni. Kazi yote ya kupooza injini ilikuwa ya dereva.

Aliyebadilisha mambo ni Wilhelm Maybach wa kampuni ya Daimler. Ile Mercedes ya nguvu farasi 35 iliyotoka kati ya 1900 na 1901 ilikuwa na rejeta iliyoundwa kama sega la asali: vijimirija vya mraba zaidi ya elfu nane vimepangwa pamoja, hewa inapita ndani yake, maji yanapita katikati. Maji yakawa yanazunguka badala ya kupotea, na yale gari ilibeba yakapungua hadi lita 9 hivi. Nyuma ya rejeta Maybach akaweka feni ndogo ya kuvuta hewa wakati gari inaenda polepole.

Hapo ndipo feni ilipata kazi yake ya kwanza. Gari ikikimbia, upepo wa barabarani unatosha. Gari ikisimama, feni inakuwa upepo.

Shida ya mkanda

Sasa, feni ilizungushwa na nini? Mkanda uliofungwa kwa injini. Ford Model T, iliyoanza 1908 na kuuzwa zaidi ya milioni 15 kabla ya kuachwa 1927, ilikuwa hivyo. Injini ikizunguka, feni inazunguka. Hakuna swichi, hakuna kufikiria.

Ni rahisi na haikatai kazi. Lakini fikiria hivi: injini huzunguka polepole lini? Ukiwa umesimama kwa jam. Na ni lini unahitaji feni zaidi? Ukiwa umesimama kwa jam. Na injini huzunguka kwa kasi lini? Ukiwa kwa barabara kuu, ambapo upepo wenyewe unatosha na feni haina kazi. Feni ya mkanda ni kama yule msee wa grupu ya chama: siku ya kazi amelegea, siku ya kula ndiye wa kwanza.

Tena ina gharama. Ukiongeza spidi ya feni mara mbili, nguvu inayohitajika inapanda mara nane. Kwa hivyo gari ikikimbia, feni ilikuwa inakula mafuta na kupiga kelele bure. Watengenezaji walijua hivyo, lakini mafuta yalikuwa rahisi na hakuna aliyelalamika sana. Halafu ikaja AC.

Boss wa pili anaingia

AC yenyewe haikuzaliwa kwa sababu ya gari, wala hata kwa sababu ya watu. Mwaka 1902 kijana mhandisi anaitwa Willis Carrier aliiunda kwa ajili ya kiwanda cha uchapishaji huko Brooklyn, New York, kwa sababu unyevu wa hewa ulikuwa unaharibu karatasi. Baadaye, karibu 1930, Thomas Midgley na wenzake wakaleta gesi ya Freon, ambayo haikuwa inalipuka wala kuua mtu ikivuja kama zile za zamani. Huyo Midgley ndiye pia alikuwa nyuma ya kuweka madini ya risasi ndani ya petroli. Maze, mtu mmoja, madhara mawili ya dunia nzima. Freon tutairudia.

Kampuni ya kwanza kukuuzia gari yenye AC ya kiwandani ilikuwa Packard ya Marekani, kwa modeli ya 1940. Mashine ilijaza sehemu ya buti. Na unajua ilizimwaje? Haikuzimwa. Kompresa ilifungwa kwa mkanda moja kwa moja, kwa hivyo ukisikia baridi ilibidi usimamishe gari, ufungue bonneti, utoe mkanda kwa mkono. Haikuuza sana, na baada ya 1941 wakaachana nayo.

Baada ya vita wakarudi. Chrysler na General Motors walileta AC 1953. Lakini ile ambayo inafanana na ya gari yako ni ya Nash, modeli ya 1954. Nash ilikuwa chini ya kampuni ya Nash-Kelvinator, ambayo pia ilikuwa inatengeneza friji, kwa hivyo baridi waliielewa. Wao walikusanya mfumo wote mbele ya gari badala ya kujaza buti, na ukawa mdogo na bei nafuu kuliko ya wenzao. Karibu kila gari leo imefuata njia hiyo. Kufikia 1969, zaidi ya nusu ya magari mapya yaliyouzwa Marekani yalikuwa na AC.

Sasa sikiza hapa vizuri, kwa sababu ndio moyo wa hii hadithi. AC haitengenezi baridi. Inabeba joto kutoka ndani ya gari na kulitupa nje. Linatupwa kupitia kifaa kinaitwa kondensa, kinachofanana na rejeta nyembamba. Na kondensa inawekwa wapi? Mbele ya rejeta, mahali hewa inaingia kwanza.

Kwa hivyo ukiwasha AC, injini inapata mizigo mitatu kwa mpigo. Kwanza, inazungusha kompresa. Pili, hewa inayofika kwa rejeta imepungua kwa sababu kuna kitu mbele yake. Tatu, hiyo hewa imeshapata joto kwa kondensa kabla haijafika. Joto la abiria linapita kwa mlango wa injini.

Na kondensa haiwezi kungoja. Gesi ndani yake ina presha kali, na isipopata hewa ndani ya muda mfupi, presha inapanda haraka hata kama injini ni baridi kama jiwe. Kwa hivyo feni, iliyokuwa na boss mmoja tangu siku za Maybach, sasa ikawa na wawili: maji ya injini na gesi ya AC. Njia mbili zilimshinda fisi, na kwa miaka mingi zilishinda feni ya mkanda pia. Watengenezaji wakaongeza mapanga ya feni, wakaongeza ukubwa wa rejeta, lakini kwa jam feni bado ilikuwa inazunguka polepole kama injini.

Pijo ilikuwa na akili

Hapa Kenya tunaingia kwa hadithi kupitia mlango wa Peugeot. Uliza wazee wako kuhusu Pijo 404. Gari hiyo ilitoka Ufaransa 1960, na ikashinda Safari Rally mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Ile ya 1963 magari 84 yalianza na 7 tu ndiyo yalimaliza. Nick Nowicki na Paddy Cliff wakaongoza kwa 404. Halafu kwa miaka mingi Pijo zikawa gari za safari za kubeba watu kwenda mashambani.

Kitu ambacho watu hawasimulii ni kwamba feni ya 404 ilikuwa na mshiko wa sumaku ya umeme. Maji yakiwa baridi, feni inaachwa huru, mkanda unazunguka bila kuivuta. Maji yakipata joto, swichi inaamsha sumaku, feni inashikwa na kuanza kuvuta hewa. Hiyo ni feni inayojua wakati wa kufanya kazi. Marekani nao wakaenda na njia nyingine: mshiko wenye mafuta mazito ya silikoni ndani, unaojikaza ukipata joto. Bado utaukuta kwa pikapu na magari mengi ya mizigo mpaka leo.

Lakini zote bado zilitegemea injini kuzizungusha. Uhuru kamili ulikuja kwa sababu ya kitu kingine kabisa: watu walitaka nafasi ya kukaa.

Mwaka 1969 Fiat ya Italia ilitoa Fiat 128. Mhandisi wake mkuu, Dante Giacosa, aliilaza injini kwa upana, ikaangalia kando badala ya mbele, ili sehemu ya mbele iwe fupi na ya ndani iwe kubwa. Sasa mkanda wa feni ungefikaje kwa rejeta iliyo mbele, na injini imeangalia kando? Jibu lao lilikuwa feni ya mota ya umeme yenye swichi ya joto. Kufikia wakati bei ya mafuta ilipasuka 1973, kila mtu alikuwa anatafuta njia ya kuokoa mafuta, na gari ndogo za mpangilio huo zikaenea dunia nzima. Vitz, Fielder, Demio, Note, unayotaka: hizo zote ni wajukuu wa mpangilio wa 128.

Feni ya umeme haijali spidi ya injini. Inaweza kuzunguka kwa nguvu yote gari ikiwa imesimama. Inaweza kulala kwa barabara kuu. Na inaweza kusikiza mabosi wawili.

Jinsi inavyowasikiza

Gari za Japani zilianza kujaa hapa miaka ya 1990 baada ya soko kufunguliwa, na ndizo zilizoleta AC kwa watu wa kawaida. Chukua Toyota nyingi za miaka hiyo zenye feni mbili. Ukiwasha AC, feni zote mbili zinaanza, lakini umeme unapita kwa moja ndipo uende kwa nyingine, kwa hivyo kila moja inapata nusu ya nguvu na zinazunguka polepole. Maji yakifika nyuzi 90 na kitu, rilei zinabadilisha njia, kila feni inapata nguvu kamili. Presha ya gesi ikipanda kama bar 15, hata kama maji hayajachemka, inakuwa vivyo hivyo. Bar 15 ni kama mara saba ya upepo ulio kwa tairi yako. Na ikienda mpaka bar 30 hivi, kompresa inakatwa kabisa kabla kitu hakijapasuka.

Kuna kitu kingine kwa hizo Toyota ambacho mimi hukiheshimu sana. Swichi ya joto ya maji imeundwa kinyume na unavyodhani: ukiichomoa waya, feni inaanza kuzunguka bila kusimama. Mhandisi alijiuliza, "Huu waya ukikatika siku moja, ningetaka nini kitokee?" Akaamua afadhali feni izunguke bure kuliko injini ichemke. Mtu asiyejua akiona feni haisimami, anadhani feni ndiyo mbaya. Kumbe feni inapiga kelele kukuambia waya umekatika.

Sasa ongeza mwinuko wa Nairobi. Tuko juu ya bahari kwa mita kama 1,700 na zaidi, na maji kwa sufuria hapa huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Hiyo ni karibu kabisa na joto ambalo feni huanza nalo. Kinachotuokoa ni kifuniko cha rejeta, ambacho hufunga presha ndani ili maji yasichemke mpaka yapite nyuzi 110. Kwa hivyo kile kifuniko kidogo ambacho watu hubadilisha na chochote kinachoingia, Nairobi ni kitu cha maisha na kifo. Kikivuja, maji yanaweza kuanza kuchemka karibu wakati ule ule feni inaamka.

Gesi, ozoni na sisi

Nilisema tutarudi kwa Freon. Ile gesi iligunduliwa kuwa inaharibu tabaka la ozoni, na mwaka 1987 mataifa yakasaini Mkataba wa Montreal wa kuiondoa. Sekretarieti ya mkataba huo iko hapa hapa Nairobi, ndani ya UNEP. Magari yakahamia gesi ya R134a katikati ya miaka ya 1990.

Gesi mpya iliokoa ozoni, lakini kukiwa na joto kali huwa na presha kubwa zaidi kwa kondensa kuliko ile ya zamani. Kwa hivyo magari yalihitaji kondensa bora na hewa zaidi, yaani feni ikawa muhimu kuliko hapo awali. Na 2016, jirani zetu wa Kigali wakapokea mkutano uliokubaliana kupunguza gesi za familia ya R134a pia, kwa sababu zinaongeza joto la dunia. Kwa hivyo uamuzi uliopitishwa Kigali utafika mpaka kwa feni ya gari utakayonunua miaka kumi ijayo. Historia haijaisha.

Sasa tuongee ukweli kuhusu dairekti

"Dairekti" maana yake ni kuunganisha feni kwa swichi ya gari ili izunguke wakati wote injini ikiwaka. Naelewa kwa nini fundi anaifanya. Mteja amekuja na soo tano, sensa ni bei, na anataka kufika Rongai leo. Fundi hajakosa akili. Ametatua shida ya leo.

Lakini angalia kile kimefanyika. Gari iliyotengenezwa 2018, yenye kompyuta, sensa ya presha na nusu karne ya watu kufikiria, imerudishwa kuwa Model T. Feni ya kuzunguka tu, bila kuuliza. Na si hivyo tu. Mota ya feni ilipangwa kupumzika, sasa haipumziki, itakufa mapema, na itakufia kwa jam. Waya zikiunganishwa bila rilei na fyuzi, umeme mwingi unapita kwa waya nyembamba, na huo ndio mwanzo wa gari kushika moto. Kubwa zaidi, ile shida ya kwanza bado iko. Rejeta imeziba, au kifuniko kinavuja, au gasketi ya hedi imeanza kwenda, na feni ya dairekti imeificha tu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa injini si pesa ya mchezo.

Dairekti mara nyingi huja na ndugu zake wawili: kutoa thamostati na kuweka maji ya mfereji badala ya kulanti. Bila thamostati injini haifiki joto lake sawasawa na inakula mafuta. Maji ya mfereji yanaleta kutu na magamba ndani ya rejeta. Halafu tunasema gari za siku hizi hazidumu.

Na kwa wale wa teksi za programu, na abiria wao. Mnajua ile vita ya "Boss, weka AC" na "AC inachemsha gari." Dereva akisema AC inakula mafuta, hapo anasema ukweli, kompresa inazungushwa na injini na yeye ndiye anajaza tangi. Nauli ikiwa ndogo, kuna mjadala wa haki hapo na mimi niko upande wake. Lakini akisema AC *inachemsha* gari, hiyo ni habari tofauti. Tangu miaka ya 1950 gari zenye AC zimekuwa zikiundwa kubeba huo mzigo. Gari nzima haichemki kwa sababu ya AC. Gari inayochemka ukiwasha AC ilikuwa tayari mgonjwa, na AC imetoa siri tu. Kuizima ni kama kuacha kupanda ngazi kwa sababu kifua kinauma. Utapumua leo, lakini nenda hosi.

Tafsiri ya tabia za feni

Sasa ukiwa na historia, hizi tabia zinasomeka.

Ukiwasha AC na feni ianze ndani ya sekunde chache, injini ikiwa baridi: sawa kabisa, boss wa pili ameita.

Ukiwasha hewa ya kutoa ukungu kwa kioo cha mbele, asubuhi ya Julai kule Limuru, na feni ianze na hukugusa AC: sawa pia. Magari mengi huwasha kompresa kimya kimya ili ikaushe hewa.

Kwa jam feni inawaka, inazima, inawaka tena: sawa, inafuata presha na joto.

Kwa barabara kuu huisikii kabisa: magari mengi huizima au kuipunguza kwa sababu upepo unatosha.

Umezima gari na feni inaendelea dakika chache: kwa magari mengi ni sawa. Usiingize mkono hapo.

AC ni baridi ukikimbia, lakini kwa jam inatoa hewa ya uvuguvugu: hapo sasa shuku feni, au kondensa iliyojaa matope na wadudu. Usikimbilie kuongeza gesi. Gesi inaweza kuwa iko sawa na ni hewa inakosekana.

Sindano ya joto inapanda kwa jam na kushuka ukitembea: feni tena. Inapanda ukikimbia au ukipanda mlima, kama ule wa kutoka Mai Mahiu: feni kwa kawaida haina hatia, angalia rejeta, pampu ya maji na kulanti.

Na AC ikijizima yenyewe wakati joto limepanda, usiilazimishe. Kompyuta imechagua injini badala ya wewe, na imechagua vizuri. Zima AC, washa hita ya ndani mpaka mwisho, kwa sababu hita ni rejeta ndogo ya pili, na utafute mahali pa kusimama. Sindano ikikataa kushuka, zima injini. Usifungue kifuniko kikiwa moto, hata kama umati wote unakushauri.

Injini itaenda, feni itabaki

Kitu cha mwisho. Toyota Prius ya kizazi cha pili, iliyotoka 2003, ilikuja na kompresa ya AC inayozungushwa na umeme, si mkanda wa injini. Kwa hivyo injini inaweza kuzimika kwa jam na bado unapata baridi. Feni nayo ikabaki inafanya kazi na injini imelala. Kwa magari ya umeme yanayoingia sasa hakuna injini kabisa, lakini betri nayo inachukia joto, na kwa mengi AC ndiyo huipooza. Ndiyo maana gari ya umeme inaweza kuegeshwa inachaji, haina mtu ndani, na feni ya mbele inanguruma. Boss wa kwanza amestaafu na betri imechukua kiti chake.

Kwa hivyo ukienda kuangalia gari ya kununua, na tunajua nyingi hapa zinaingia zikiwa na miaka isiyozidi minane kutoka Japani, au zimepitia mikono mitatu ya hapa Kenya, usianze na rimu na redio. Mwambie muuzaji akuletee gari ikiwa baridi, haijawashwa asubuhi hiyo. Iwashe. Fungua bonneti. Kabla ya kugusa AC, feni iwe imetulia; ikiwa inazunguka kwa nguvu tangu sekunde ya kwanza, uliza nani aliiweka dairekti na alikuwa anaficha nini. Kisha mwambie mtu abonyeze AC, na uangalie. Feni ianze. Iache hapo dakika 20 injini ikinguruma na AC ikiwa baridi yote, uone kama sindano inatulia katikati.

Muuzaji atakuambia ana haraka. Mwambie wewe huna.